Shawarma ya kuku: mitindo ya Lebanoni, Syria, Uturuki, Iraki na Misri, na jinsi ya kuipika Arusha na Moshi

Shawarma nyingi zinazouzwa Arusha mjini na Moshi zinafanana: kuku, kabichi, chipsi, mayonezi na tomato sosi, vyote ndani ya chapati. Ukitaka kutoka hapo na kupika ile ya Lebanoni au ya Uturuki, usianze na pakiti ya viungo. Viungo vya unga vina nafasi yake, lakini mitindo hutengana zaidi kwenye mambo manne: uchachu anaolowekwa kuku, mafuta yanayomlinda asikauke, mkate, na sosi. Manne hayo yamezoeana. Sosi ya kitunguu saumu ya Lebanoni ni kali, kwa hiyo inataka mkate mwembamba na tango la siki. Ukiiweka kwenye chapati ya mafuta pamoja na tomato sosi, kila kimoja kinamharibia mwenzake. Chagua nchi moja, uifuate mpaka mwisho.

Nchi moja baada ya nyingine

Kuchoma nyama iliyopangwa kwenye chuma kilichosimama kulianza Uturuki wakati wa Dola ya Osmania, karne ya 19, kwa nyama ya kondoo. Kuku aliingia baadaye, na kila nchi ikamfanyia kwa namna yake.

Lebanoni na Syria hutumia limau na siki, mara nyingi na mtindi kidogo, pamoja na viungo vitamu vya pilau: iliki, mdalasini, karafuu, kungumanga. Manukato yanasikika, lakini hayatakiwi kufunika ladha ya kuku. Sosi ni *toum*, yaani kitunguu saumu, mafuta, limau na chumvi vilivyosagwa mpaka vikawa vyeupe na vizito kama mayonezi, bila yai. Ndani huwekwa matango ya siki na chipsi, na kwa kawaida hakuna kabichi wala kachumbari. Wasyria wana hatua moja zaidi inayostahili kuigwa: mkate ukishakunjwa hupakwa mafuta yaliyochuruzika kutoka kwenye nyama, kisha hubanwa kwenye kikaango cha moto mpaka uwe mkavu na wa kahawia. Wakiukata vipande na kuupanga kwenye sahani pamoja na chipsi, achari na bakuli la toum, huuita shawarma ya Kiarabu.

Uturuki wanakwenda njia nyingine kabisa. Hakuna iliki wala mdalasini. Kuku hulowekwa kwenye mtindi, maji ya kitunguu, nyanya ya kopo, paprika, pilipili manga na oregano. Huliwa kwenye mkate mwembamba au nusu mkate mnene, na kitunguu kibichi, nyanya na saladi ya majani. Sosi ni kidogo au haipo, kwa hiyo kuku mwenyewe lazima awe na unyevu. Mpishi wa Kituruki akikosea kuku, hana pa kujificha.

Iraki, Palestina na Israeli hutumia manjano na binzari nyembamba kwa wingi, hivyo nyama hutoka ya njano na yenye harufu ya udongo mkavu. Sosi ni mbili: rojo la ufuta, yaani *tahini*, na *amba*, achari laini ya embe bichi yenye uwatu. Wairaki huiweka kwenye *samuni*, mkate mnene wenye umbo la almasi. Israeli nyama inayotumika zaidi ni bata mzinga. Msomaji wa hapa ataukuta mtindo huu uko karibu naye kuliko anavyodhani, maana achari ya embe ya pwani ni ndugu wa damu wa amba.

Misri hukata kuku vipande vyembamba na kumchanganya na vitunguu, pilipili hoho na nyanya kwenye chuma cha moto, kisha humweka ndani ya mkate mrefu laini. Kwa mwenye jiko moja la gesi au la mkaa na asiye na oveni, huu ndio mtindo wa kuanzia.

Nchi za Ghuba zimefuata Lebanoni na Syria kwa sehemu kubwa, zikiongeza iliki na ndimu kavu. Kerala, kusini mwa India, walipata shawarma kupitia watu wao waliofanya kazi Ghuba, na kwao mayonezi ndiyo sosi kuu. Januari 2023 serikali ya jimbo hilo ilipiga marufuku mayonezi ya mayai mabichi kwa sababu ya watu kuugua. Anayeuza shawarma Tanzania achukue somo hilo: mayonezi ya kutengeneza mwenyewe kwa yai bichi, iliyokaa juani kwa muda wa saa nne karibu na mashine ya moto, ni hatari kubwa kuliko kuku.

Kuku gani, na kiasi gani

Nunua kuku wa kisasa. Wa kienyeji ana ladha nzuri, lakini misuli yake imekomaa na mafuta ni machache. Kwa muda mfupi wa kuchoma anabaki mgumu kama kamba. Mwachie supu.

Kuku wa kisasa aliyekwisha kuchinjwa na kusafishwa, wa kilo 1.3, akitolewa mifupa hubaki na nyama na ngozi kama gramu 800. Ukipata mapaja peke yake, chukua hayo. Paja linavumilia moto mpaka nyuzi 80 na zaidi bila kukauka, wakati kidari kikipita 74 kinaanza kuwa kama pamba. Ukilazimika kuchanganya, kidari kisizidi theluthi moja.

Usitupe ngozi. Kwenye mashine ya kuzungusha nyama huwekwa kati ya tabaka na juu ya mnara wa nyama, ili mafuta yake yateremke yakilainisha nyama yote. Shawarma kavu mara nyingi ni shawarma iliyonyimwa ngozi.

Vipimo vyote hapa chini ni vya kilo 1 ya nyama isiyo na mifupa. Ikiiva inabaki kama gramu 700, inayotosha mikunjo sita.

Kuloweka

Kata mapaja yawe bapa, unene wa sentimita moja na nusu. Pale penye unene, pasua kwa kisu na ufungue kama kitabu. Kausha kwa kitambaa safi, kwa sababu maji ya kuoshea yakibaki yanapunguza chumvi na uchachu. Chumvi kwa mitindo yote ni gramu 12, sawa na vijiko viwili vya chai vya chumvi laini, visivyojaa kupita kiasi.

Kwa *mtindo wa Lebanoni na Syria* changanya maji ya limau vijiko 3 vya chakula, siki nyeupe kijiko 1, mtindi mzito vijiko 3, mafuta vijiko 3, punje 5 za kitunguu saumu kilichotwangwa, paprika kijiko 1 cha chai, pilipili manga kijiko 1 cha chai, iliki ya unga nusu kijiko, mdalasini nusu kijiko, na karafuu na kungumanga kila kimoja ncha ya kisu tu. Karafuu ya Zanzibar ni kali; ikizidi, kuku ananuka kama dawa ya meno. Saga iliki mwenyewe, maana ile ya unga iliyokaa dukani haina tena kitu.

Kwa *mtindo wa Uturuki* kuna kitunguu maji. Paruza vitunguu viwili vikubwa, kamua kwa kitambaa, tumia maji yake na utupe makapi. Makapi yakibaki kwenye nyama huungua kabla ya kuku kuiva na kuacha uchungu. Ongeza mtindi gramu 150, maziwa vijiko 3 vya chakula, nyanya ya kopo kijiko 1, mafuta vijiko 3, paprika vijiko 2 vya chai, pilipili manga kijiko 1, na oregano kavu kijiko 1.

Kwa *mtindo wa Iraki* chukua mchanganyiko wa Lebanoni, ondoa mtindi, weka manjano kijiko 1 cha chai, binzari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa vijiko 2, giligilani ya unga kijiko 1, na punguza iliki iwe robo kijiko.

Kwa *mtindo wa Misri* kata nyama vipande vya upana wa kidole kwanza, kisha siki vijiko 3 vya chakula, mafuta vijiko 3, kitunguu saumu, binzari nyembamba kijiko 1 cha chai, giligilani kijiko 1, pilipili manga, na mdalasini kidogo.

Muda ni jambo la kuheshimu. Mchanganyiko wa limau na siki unahitaji saa 4 hadi 12. Ukifika siku nzima, uchachu unaivunja nyama upande wa nje, na ikipikwa inakuwa ya ungaunga. Wa Uturuki, wenye mtindi bila limau wala siki, ni mpole zaidi, unaweza kulala usiku kucha hadi saa 24. Vyote vikae kwenye friji. Usiku wa Julai Arusha una baridi, ila hiyo siyo friji. Na Moshi, kwa joto lake la Februari, beseni la kuku mezani kwa saa mbili ni kosa.

Kuchoma bila mashine

Kwa oveni:

1. Washa nyuzi 200. Paka mafuta kopo la kuokea mkate, tandaza vipande vya kitunguu chini.
2. Panga mapaja moja juu ya jingine, ngozi zikitazama juu, ukikandamiza kwa mkono kila tabaka mpaka hewa itoke. Tabaka zisipobanwa, utapata vipande vilivyotengana badala ya bonge la kukata.
3. Oka dakika 50 hadi 60. Chomeka kipima joto katikati. Kisome 74 au zaidi, na kwa mapaja 80 ni bora. Kama huna kipima joto, pasua katikati ya bonge mpaka chini: kusiwe na waridi, na maji yawe angavu.
4. Mimina mafuta na mchuzi kwenye bakuli. Usimwage, ni vya hatua inayofuata.
5. Acha bonge lipumzike dakika 15, kisha kata kwa kisu kikali, unene wa milimita 3, ukikata kwenda kinyume na nyuzi za nyama.
6. Pasha kikaango cha chuma mpaka kitoe moshi kidogo. Weka vipande kwa mafungu, mimina vijiko viwili vya yale mafuta, usiguse kwa dakika moja na nusu. Geuza mara moja, toa.

Hatua ya sita ndiyo inayoleta ladha ya shawarma. Kwenye mashine kila kipande kina upande mmoja uliochomwa na upande mmoja laini, na hapa unajaribu kupata hicho hicho. Ukijaza kikaango, maji yanatoka, nyama inachemka na inakuwa ya kijivu. Mafungu madogo, moto mkali.

Kwenye jiko la mkaa, choma mapaja bapa bila kuyapanga, dakika 5 hadi 6 kila upande, mkaa ukiwa umeshika majivu meupe. Mapaja yaliyolowekwa kwenye mtindi hunata kwenye wavu, kwa hiyo pangusa ziada na upake wavu mafuta. Mtindo wa Misri hauhitaji hata wavu: kikaango cha moto mkali, kuku kwa mafungu dakika 6 hadi 7, mtoe, kisha kitunguu na hoho dakika 3, nyanya moja iliyokatwa dakika 2, rudisha kuku, koroga, zima.

Toum, na kwa nini inakatika

Chukua gramu 70 za punje zilizomenywa. Kitunguu saumu cha Mbulu kina punje ndogo na ni kikali. Kumenya kunachosha lakini sosi inakuwa na nguvu. Pasua kila punje, na kama kuna kichipukizi cha kijani katikati, kitoe, maana ndicho kinacholeta uchungu. Andaa mafuta mililita 350, maji ya limau vijiko 2 vya chakula, maji ya barafu vijiko 2 na chumvi kijiko 1 cha chai.

Mafuta yawe ya alizeti yaliyosafishwa. Yale ya Singida yanayokamuliwa kwenye mashine ndogo na kuuzwa kwenye madumu ni mazuri kwa mboga, lakini harufu na rangi yake vinatawala sosi nzima.

Saga kitunguu saumu na chumvi kwenye blenda mpaka kiwe laini kabisa, ukisimamisha mara kwa mara na kukwangua pembeni. Kisha mimina mafuta kwa uzi mwembamba, blenda ikizunguka. Baada ya kila robo kikombe cha mafuta weka kijiko kimoja cha chai cha limau, halafu mafuta tena, halafu maji ya barafu, ukipokezana hivyo. Kazi nzima ni dakika 8 hadi 10. Anayeifanya kwa dakika tatu huambulia maji ya kitunguu yenye mafuta yanayoelea.

Inakatika, yaani mafuta yanajitenga na kitunguu, kwa sababu tatu: mafuta yalimiminwa haraka, kitunguu hakikusagika mwanzoni, au blenda imepata moto. Ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Weka mafuta kwenye friji nusu saa kabla ya kuanza, na pumzisha blenda ikipata joto. Ikishakatika usiendelee kuisaga. Mimina yote kwenye jagi, osha blenda, saga punje 4 mpya na chumvi kidogo, kisha rudisha ile iliyokatika tone kwa tone kana kwamba ndiyo mafuta. Inashika.

Hifadhi kwenye friji. Siku ya kwanza inachoma ulimi. Siku ya pili imetulia na ndiyo nzuri zaidi.

Rojo la ufuta na amba

Ufuta mweupe gramu 200, kaanga kavu kwa moto mdogo mpaka unukie na uanze rangi ya krimu. Ukifika kahawia ni mchungu. Saga ungali na uvuguvugu pamoja na vijiko 3 vya mafuta mpaka umiminike. Kwa sosi, chukua gramu 100 za rojo hilo, limau vijiko 3 vya chakula, punje moja ya kitunguu saumu na chumvi. Litakaza na kuwa kama udongo. Usishtuke wala usiongeze mafuta. Ongeza maji baridi kijiko kwa kijiko, na baada ya kama vijiko 6 litalegea ghafla na kuwa jeupe.

Kwa amba, menya maembe mabichi yaliyo magumu, gramu 500 za nyama yake, kata vipande, changanya na chumvi gramu 25, acha kwenye friji mpaka kesho. Mwaga maji. Pasha mafuta vijiko 3, weka haradali kijiko 1 cha chai, uwatu wa unga kijiko 1, manjano kijiko 1, pilipili kiasi, sekunde 20 tu, maana uwatu ukiungua hauliki. Weka embe, siki nusu kikombe, sukari kijiko 1 cha chakula, chemsha taratibu dakika 15, saga. Msimu wa embe ukiwa umepita, achari ya embe ya dukani iliyosagwa na siki kidogo inafaa.

Matango ya siki: maji mililita 300, siki 200, chumvi gramu 20, chemsha, mimina juu ya matango yaliyokatwa vijiti, siku tatu kwenye friji. Kipande cha kiazi sukari chekundu (bitiruti) kwenye chupa kitayapa rangi ya waridi kama ya tanipu za Lebanoni.

Mkate

Chapati ya kukunja ina tabaka za mafuta, inachanika ukiikunja kwa nguvu, na mafuta yake yanagombana na toum. Tengeneza mkate wa hamira: unga wa ngano gramu 500, maji vuguvugu mililita 300, hamira ya chengachenga vijiko 2 vya chai, sukari kijiko 1, chumvi kijiko 1 na nusu, mafuta vijiko 2 vya chakula. Kanda dakika 10. Acha uumuke mpaka uwe mara mbili: Moshi kwenye joto ni kama dakika 40, Arusha Juni na Julai unaweza kuchukua saa moja na nusu, kwa hiyo angalia unga badala ya saa.

Gawa madonge 10, yapumzike dakika 15, sukuma kila moja mpaka upana wa sentimita 24. Kikaango kikavu, cha moto mkali, sekunde 45 upande mmoja na 30 upande wa pili. Funika mara moja kwa kitambaa, mmoja juu ya mwingine, ili mvuke uulainishe. Moto mdogo ndio unaofanya mkate ukauke na kuvunjika wakati wa kukunja. Kwa mtindo wa Uturuki acha hamira, sukuma mpaka uone kivuli cha mkono. Kwa Misri, skonzi ndefu laini inatosha.

Kukunja

Paka toum kijiko kimoja na nusu kwa urefu, kuku gramu 110 hadi 120, vijiti vitatu vya tango, chipsi tano au sita zilizokaangwa sasa hivi. Chipsi baridi hunyonya sosi na kuwa uji. Kunja mkate upande mmoja, bana kwa vidole, zungusha. Kisha pasha kikaango, paka yale mafuta ya kuku, weka mkunjo ukiwa kiungo chini, bana kwa sufuria nzito dakika moja kila upande.

Ukipika kwa kuuza

Mashine ya gesi ni bora kuliko ya umeme, kwa sababu umeme ukikatika saa mbili usiku, mnara wa kuku unabaki vuguvugu, na kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu huzaliana. Weka kizuizi cha bati upande wa upepo, la sivyo upande mmoja unaiva na mwingine unapooza.

Pima mnara kwa mauzo ya siku moja. Anayeanza atosheke na kilo 5. Kata sehemu iliyoiva tu, milimita 2 hadi 3, kisha acha moto ufanye kazi kabla ya kukata tena. Wateja wakijaa, mkono unashawishika kuingia ndani zaidi, na hapo ndipo nyama mbichi inapotoka. Kwa hiyo weka kikaango bapa chini ya mnara: kila kinachokatwa kipite hapo dakika moja mpaka kiive kabisa kabla ya kuingia kwenye mkate. Wateja wakipungua usizime moto. Upunguze na uendelee kuzungusha mnara, ukihakikisha nje bado panachemka.

Kinachobaki usiku hakirudi kwenye chuma kesho. Kikate chote, kipike kwenye kikaango mpaka kiive, kitandaze kwenye sinia pana kipoe, kiingie friji kabla ya saa mbili kupita. Kesho yake kinafaa kwa mtindo wa Misri, na hoho na vitunguu, kikipashwa mpaka kifuke moshi.